UZI: Nani hufanya nini kwenye ukumbi wa Soko la Hisa la New York, na fedha anayochezea ni ya nani

Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Kila bei za hisa zinapoporomoka, televisheni hutuletea picha ileile: mwanamume mwenye koti la bluu amesimama katikati ya ukumbi wa Soko la Hisa la New York, ameshika kichwa, macho yako juu kwenye skrini. Watazamaji wengi huamini kwamba huyo ni tajiri aliyefilisika dakika hiyo. Mara nyingi sivyo. Huenda ni dalali anayelipwa kamisheni bei ipande au ishuke, na siku ya msukosuko ndiyo siku yake ya kuvuna, kwa kuwa oda humiminika. Anayeumia yuko mita chache pembeni, ametulia, na kamera haina habari naye.

Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Kazi za ukumbini haziwezi kueleweka kwa kutazama makoti wala kusikiliza kelele. Ukitaka kuzielewa, muulize kila mtu maswali mawili: fedha unayofanyia biashara ni ya nani, na je, kuna kanuni inayokulazimisha kununua wakati wenzako wote wanauza?

Nianze na historia kwa kifupi. Tarehe 17 Mei 1792 madalali 24 walitia saini mkataba wa kufanya biashara wao kwa wao na kutoza kamisheni isiyopungua kiwango walichokubaliana. Kwa miongo mingi baadaye hisa zilitajwa moja baada ya nyingine kutoka kwenye orodha, huku wanachama wakiwa wameketi vitini, hisa moja ikimalizwa ndipo ifuate nyingine. Kuanzia mwaka 1871 utaratibu huo uliachwa, hisa zote zikauzwa kwa wakati mmoja na kila moja ikapewa mahali pake ukumbini. Vitini hakuna aliyeketi tena, lakini haki ya kufanya biashara mle ndani iliendelea kuitwa kiti, na viti hivyo 1,366 vilinunuliwa na kuuzwa kama viwanja. Cha bei kubwa kuliko vyote kiliuzwa dola milioni 4 mwezi Desemba 2005, miezi michache kabla soko lenyewe halijageuka kuwa kampuni yenye hisa na mfumo wa viti kufutwa.

Sasa tuifuate oda moja katika miaka ya 1970, wakati kazi zote bado zilikuwa mikononi mwa watu. Tuchukulie kwamba mfuko wa pensheni unataka kuuza hisa 20,000 za kampuni fulani ya magari. Meneja wa mfuko huo hawezi kuingia ukumbini. Anapiga simu kwa kampuni yake ya udalali, na simu hiyo inaunganishwa hadi kwenye kibanda kilicho pembezoni mwa ukumbi, ambako anasubiri karani wa simu. Karani anaandika oda kwenye kikaratasi na kumwita dalali wa kampuni yake kwa kuwasha nambari yake kwenye ubao mkubwa ulio ukutani. Dalali akiona nambari yake inawaka, anarudi kibandani, au karani anamtuma tarishi ampelekee kikaratasi huko aliko. Matarishi walikuwa vijana, wengi wao wakianza kazi yao ya kwanza maishani, na kanuni za ukumbi ziliwakataza wao na kila mtu mwingine kukimbia, jambo lililowafundisha mwendo wa haraka wa ajabu ambao si kutembea wala si kukimbia.

Dalali anafika kwenye kituo cha hisa ile na kuuliza soko likoje. Hasemi kama ananunua au anauza, na hataji idadi. Mtu anayesimama pale kituoni anamjibu kwamba kuna mnunuzi wa dola 60 na robo na muuzaji wa dola 60 na nusu, pamoja na idadi ya hisa kila upande. Hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana. Akitamka kwamba ana hisa 20,000 za kuuza, wanunuzi waliosimama pale watarudi nyuma na bei itateremka mbele ya macho yake. Kwa hiyo anauza 2,000, anasubiri, anasogea kituo kingine kana kwamba amemaliza shughuli, anarudi na kuuza 3,000, huku akiangalia nani amesogea karibu na nani amepunguza sauti. Fedha si zake. Anachouza yeye kwa meneja wa pensheni ni utulivu na usiri, na akikosea, kwa mfano akiuza mahali alipotakiwa kununua, hasara ya kosa hilo inaangukia kampuni yake, si mteja.

Biashara ilifungwa kwa maneno matupu. Mmoja alisema "nimeuza", mwingine akasema "nimenunua", kila mmoja akaandika kwenye kikaratasi chake bei, idadi na utambulisho wa mwenzake, basi. Karani mwingine aliyeajiriwa na soko lenyewe, na asiyekuwa upande wowote, alisimama pale kituoni na kuijaza biashara hiyo kwenye kadi maalumu iliyosomwa na mashine, na kutoka hapo bei ilitangazwa nchi nzima. Malipo na hati vilikabidhiwa siku ya tano ya kazi. Usiku makarani wa ofisi za nyuma walilinganisha vikaratasi, na pale ambapo upande mmoja haukuitambua biashara ambayo upande wa pili ulidai imefanyika, madalali wawili walikutana asubuhi kabla ya kengele ili waamue hasara ibebwe na nani. Mtu mwenye sifa ya kukana neno lake hakupata mtu wa kufanya naye biashara.

Walikuwepo pia madalali wa kujitegemea waliobeba oda za kampuni nyingine siku ambazo oda zilizidi kuwa nyingi, wakiitwa madalali wa dola mbili kwa sababu zamani ndio ulikuwa ujira wao kwa kila hisa 100. Na walikuwepo wafanyabiashara wachache walionunua na kuuza kwa fedha zao wenyewe, bila mteja. Hawa wa mwisho ndio watu hudhani wamejaa ukumbi mzima. Walikuwa kundi dogo, na kanuni za mwaka 1964 ziliwabana zaidi.

Kuhusu mtu wa kituoni, yule asiyezungumziwa, nitaeleza kwenye bandiko linalofuata.

Mleta mada

Naendelea.

Kila hisa ilikuwa na speshalisti wake mmoja. Alisimama kwenye kituo chake kutwa nzima, mbele yake kukiwa na daftari lenye oda zote ambazo madalali walimwachia kwa sababu bei yake haijafika: fulani atanunua ikishuka hadi 59, fulani atauza ikifika 62. Hadithi ya soko inasema kazi hiyo ilianza mwaka 1875, dalali mmoja alipovunjika mguu na, kwa kuwa hakuweza kuzunguka, akaketi mahali pamoja na kushughulikia hisa moja tu. Kwangu mimi hadithi hiyo ni tamu kuliko inavyoaminika. Mara hisa zilipoanza kuuzwa mfululizo, lazima angepatikana mtu wa kukaa mahali pamoja na kukumbuka oda za wenzake.

Speshalisti alikuwa na kazi mbili ambazo kwa kawaida huwezi kumpa mtu mmoja. Alikuwa wakala wa wengine, kwa kuwa alitekeleza oda zilizomo kwenye daftari na kulipwa kwa kazi hiyo. Pia alikuwa mfanyabiashara kwa fedha zake. Pale ambapo wauzaji walijitokeza bila wanunuzi, kanuni ilimtaka aingie na kununua yeye ili bei isidondoke kwa ghafla, na walipojitokeza wanunuzi bila wauzaji, auze kutoka kwenye akiba yake. Kwa maneno mengine alitakiwa kwenda kinyume na upepo. Kwa malipo ya mzigo huo alipewa upendeleo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, yaani kuliona daftari.

Siku iliyoonyesha uzito wa mzigo huo ni Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987. Fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka pointi 508, sawa na asilimia 22.6, kwa siku moja. Tangu asubuhi oda za kuuza zilifurika vituoni, na maspeshalisti walionunua kama kanuni ilivyowataka walijikuta ifikapo saa kumi jioni wameshikilia mali inayozidi mtaji wao. Kampuni moja ya maspeshalisti, A. B. Tompane, ilinunuliwa usiku uleule na kampuni kubwa ya udalali, Merrill Lynch, kwa sababu isingeweza kufungua milango kesho yake. Wengine hawakuwa mashujaa kiasi hicho. Walikwepa, waliuza pamoja na umati, au walichelewesha kufungua biashara ya hisa zao. Wajibu ulioandikwa kwenye kitabu cha kanuni hauongezi fedha mfukoni mwa anayepaswa kuutimiza, na mtaji wa kampuni nyingi za maspeshalisti ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na mifuko mikubwa iliyokuwa ikiuza siku ile.

Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante sana mkuu kwa darasa hili. Naomba kuuliza jambo moja lililonikwaza. Mtu anayeona oda za watu wote, na wakati huohuo anafanya biashara kwa fedha zake, anazuiwaje kuwaibia wateja? Hapa kwetu dalali wa kiwanja akijua bei ya mwisho ya mnunuzi na ya muuzaji, tofauti yote anaitia mfukoni, na wenyewe hawatajua kamwe.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mombasa, swali lako ndilo lililoimaliza kazi yenyewe.

Kanuni ilikuwa wazi: speshalisti hakuruhusiwa kununua kwa ajili yake mbele ya mteja aliyekuwa tayari kutoa bei ileile, na ikiwa mnunuzi na muuzaji wangeweza kukutana moja kwa moja, alitakiwa kuwakutanisha na kukaa kando. Usimamizi ulifanywa na maofisa wa ukumbi, ambao wenyewe walikuwa madalali wazoefu walioteuliwa kuamua migogoro na kuidhinisha kusimamishwa kwa biashara ya hisa fulani, pamoja na idara ya soko iliyokagua kumbukumbu. Udhaifu wake unauona. Waamuzi na wanaoamuliwa walisimama bega kwa bega mwaka mzima.

Mwezi Machi 2004 kampuni 5 za maspeshalisti zilikubali kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 240 kumaliza mashtaka ya wasimamizi. Madai yalikuwa yaleyale unayoyaogopa: kwamba walijiweka katikati ya mnunuzi na muuzaji, wakanunua kwa mmoja na kumuuzia mwingine kwa bei ya juu kidogo, au waliwatangulia wateja wao. Faida ya kila tukio ilikuwa senti chache kwa hisa, na huenda ndiyo maana jambo hilo lilichukua muda mrefu kuonekana. Mwaka 2005 watu 15 walishtakiwa kwa jinai, ingawa nyingi kati ya kesi hizo hazikufika mbali.

Kabla ya hapo tayari kazi ilikuwa imepoteza utamu. Mpaka mwaka 1997 bei zilikwenda kwa thumuni za dola, kisha kwa nusu ya thumuni, na mwaka 2001 zikahamia kwenye senti. Pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ndiyo ilikuwa riziki ya speshalisti, nalo likasinyaa kutoka senti 12 na nusu hadi senti moja kwa hisa nyingi kubwa. Mwaka 2008 cheo chenyewe kilibadilishwa. Aliyekuja badala yake ni mtengeneza soko mteule, ambaye bado anawajibika kuweka bei za pande mbili na kusimamia ufunguzi na ufungaji wa hisa zake, lakini haoni tena oda kabla ya wengine, na si wakala wa yeyote. Angalia lililofanyika: zile kazi mbili nilizosema haziwezi kukaa kwa mtu mmoja zilitenganishwa, miaka 130 na zaidi baada ya kuunganishwa.

London walikuwa wameanza na kinyume chake. Huko, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, dalali alihudumia wateja tu, na mwenye mtaji aliyeweka bei hakuruhusiwa hata kuzungumza na mwekezaji wa nje. Ilimlazimu kusubiri dalali amfuate ukumbini. Mageuzi ya tarehe 27 Oktoba 1986 yalifuta mpaka huo, na ndani ya miezi michache ukumbi ukabaki mtupu kwa kuwa kila mtu alihamia ofisini kwenye simu na skrini.

Mchangiaji (Nairobi)

Mleta mada, heshima kwako. Naomba niongeze upande wetu, kwa sababu vijana wengi hawajui kwamba hata Nairobi ilikuwa na ukumbi.

Soko la Nairobi liliandikishwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, na kabla ya uhuru Mwafrika na Mwasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa. Kwa muda mrefu madalali walielewana kwa simu na kwa kukutana. Ukumbi wa kupaza sauti ulianza mwaka 1991, na ulidumu hadi mfumo wa kompyuta ulipochukua nafasi yake tarehe 11 Septemba 2006. Ndiyo kusema ukumbi wetu uliishi miaka 15 tu. Katika miaka hiyo kulikuwa na mawakala wa kampuni za udalali na wafanyakazi wa soko wenye kusimamia na kuandika bei. Speshalisti hatukuwa naye. Bei ikikosa mnunuzi, ilikosa.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Nakazia maneno ya mwenzangu wa Nairobi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi za viwandani, na mwaka 2006 nalo likahamia kwenye kompyuta. Dalali wetu tangu mwanzo ni wakala wa mteja. Hakuna aliyelazimishwa kununua pale wengine wasipotaka, na ndiyo sababu mtu mwenye hisa za kampuni ndogo anaweza kuweka oda ya kuuza ikakaa siku nyingi bila kuguswa. Tunailaumu kompyuta, tunamlaumu dalali, lakini kwa maelezo ya uzi huu naona kinachokosekana ni nafasi ambayo haijawahi kujazwa.

Mleta mada

Nimefurahi kwamba hilo limesemwa na mtu wa Dar mwenyewe. Ningeongeza tahadhari moja. Mtengeneza soko haji kwa hisani. Anakubali wajibu kwa sababu hisa inabadilisha mikono mara nyingi vya kutosha kumlipa, na katika soko ambalo hisa fulani hupitisha wiki nzima bila muamala, ungelazimika kumlipa kwa njia nyingine ili akubali kusimama.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu nani aliruhusiwa kusimama pale. Hadi tarehe 28 Desemba 1967 hakuna mwanamke aliyewahi kumiliki kiti New York. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake waliingizwa ukumbini kufanya kazi za ukarani na utarishi kwa kuwa wanaume walikuwa vitani, kisha wakaondolewa. Muriel Siebert alipotaka kiti alihitaji mwanachama wa kumdhamini, wanaume tisa wakamkatalia kabla hajapatikana wa kukubali, na akalipa dola 445,000 kuingia miongoni mwa wanaume 1,365. Mwanachama wa kwanza Mweusi, Joseph Searles, alifuata mwaka 1970. Ukizingatia kwamba biashara ile ilisimama juu ya neno la mdomo na juu ya kujuana, utaelewa kwa nini mlango ulikuwa mzito kiasi hicho.

Mchangiaji (Arusha)

Mkuu, na wale wanaorusha mikono juu kama wanaoongoza kwaya ni akina nani? Wewe umesimulia watu wanaotembea na kunong'ona.

Mleta mada

Hao wengi wao ni wa Chicago, na biashara yao si hisa bali mikataba ya bei za baadaye: mahindi, ngano, ng'ombe, riba. Huko hakukuwa na kituo chenye mtu mmoja wa katikati. Kulikuwa na shimo lenye ngazi, watu wakisimama wamezunguka na kutazamana, na kila mmoja akiweza kufanya biashara na yeyote. Kwa kuwa sauti ilipotea kwenye makelele, mikono ndiyo iliyosema: kiganja kikikuelekea mwenyewe unanunua, kikiwaelekea wenzako unauza. Wengi mle walitumia fedha zao wenyewe kweli, kwa hiyo picha ya tajiri aliyefilisika ingefaa zaidi huko. Mashimo mengi ya mikataba hiyo yalifungwa mwezi Julai 2015.

Mchangiaji (Mombasa)

Swali langu la mwisho. Tarehe 23 Machi 2020 ukumbi wa New York ulifungwa kwa sababu ya korona, na biashara ikaendelea kwa kompyuta peke yake kwa takribani miezi miwili. Kama soko halikuanguka, watu wamerudishwa wa nini? Si mapambo ya televisheni hayo?

Mleta mada

Kwa sehemu ni mapambo, na nisingependa kulificha. Kampuni inayoorodheshwa hupenda wakurugenzi wake wapande kwenye roshani kugonga kengele saa tatu na nusu asubuhi, picha ziende duniani, na soko linashindania kampuni hizo na Nasdaq, soko jingine la hisa la Marekani ambalo halina ukumbi wa namna hiyo. Watu waliobaki wamepungua kutoka maelfu hadi mamia, matarishi wametoweka, na makarani wa simu wamebaki wachache. Mchana kutwa kompyuta hufanya kazi karibu yote, na kampuni zenye cheo cha mtengeneza soko mteule leo, kama Citadel Securities na GTS, kimsingi ni kampuni za programu zenye watu wachache waliosimama mbele ya skrini.

Lakini zipo nyakati mbili za siku ambazo hazifanani na nyingine, yaani kufungua na kufunga, wakati oda zote hukusanywa ili zipate bei moja, kama samaki wanavyomwagwa mezani Feri asubuhi kabla mnadi hajataja bei. Hisa mpya ikiingia sokoni kwa mara ya kwanza hakuna bei ya jana ya kuegemea. Tarehe 19 Septemba 2014 hisa za Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, zilikuwa zimeuzwa kwa wawekezaji wa mwanzo kwa dola 68. Kengele iligongwa saa tatu na nusu, na biashara haikuanza. Mtengeneza soko wake, ambaye wakati huo alikuwa Barclays, alitangaza makadirio ya dola themanini na kitu, madalali wakamzunguka, wakapiga simu kwa wateja wao, wakarudi na majibu, naye akapandisha makadirio mara kadhaa kadiri pande mbili zilivyokaribiana. Ilipokaribia saa sita mchana ndipo hisa ya kwanza ikauzwa kwa dola 92.70. Miaka miwili kabla yake, tarehe 18 Mei 2012, kompyuta za Nasdaq zilikwama wakati wa kufungua Facebook, wateja wakakaa muda mrefu bila kujua kama oda zao zimetekelezwa, na mwaka 2013 soko hilo likatozwa faini ya dola milioni 10.

Mfano mmoja wa kila upande hautoshi kumpa mtu ushindi, na New York nao walikwama tarehe 8 Julai 2015 biashara iliposimama kwa zaidi ya saa tatu, watu wote wakiwa ukumbini. Ila ukiniuliza nafasi ipi ningeibakiza kama ningeruhusiwa kubakiza moja tu, nisingemchagua dalali wala mgonga kengele. Ningembakiza yule mwenye wajibu wa kununua pale wengine wote wanapouza, awe ni mtu au mashine, kisha ningeuliza mtaji wake ni kiasi gani.